Gari limetoka garaji Lubumbashi: upepo wa mipira ni kilo ngapi kweli?

#1 Kipushi_Road

Jambo bandugu. Gari dogo la Japani, usukani kulia, limetoka kwenye vidanji, yaani kubadilisha mafuta, jana saa 9 alasiri: mafuta, filta, breki za mbele, na mipira ikageuzwa, ya mbele ikaenda nyuma. Kwenye fakitura, yaani ankara, wameandika "presio 2,3 × 4": upepo 2.3 kwa mipira yote minne. Kibandiko cha mlangoni kinasema mbele 230, nyuma 210. Ubavuni mwa mpira pameandikwa MAX PRESS 44 PSI. Leo asubuhi na baridi hii usukani ni mzito na gari linalegea kwenye kona. Namba tatu, na zote hazifanani. Nifuate ipi?

#2 Fundi_Katuba

Fuata mlango, ndugu. Hizo nyingine mbili hazijibu swali lako.

Ile 44 psi, karibu bari 3, ni kikomo cha mpira wenyewe. Kiwanda cha mpira hakijui utafungwa kwenye gari gani. Mpira ule ule unaweza kubeba gari la kilo 900 au la kilo 1,400. Anayejaza kwa kusoma ubavu anakupa mpira mgumu unaokanyaga barabara kwa katikati tu. Kwenye changarawe gari linachelewa kusimama, na ukiingia kwenye shimo lenye ukingo mkali, nyuzi za ndani zinakatika kwa sababu mpira hauna nafasi ya kubonyea. Kesho yake unaona ubavu umetoa nundu kama yai. Mpira wenye nundu hautengenezwi, unatupwa.

Sasa vipimo, maana hapa ndipo wengi hupotea. Kwado, yaani fundi wa mipira wa kando ya barabara, akikuambia "kilo mbili" ana maana ya kilogramu 2 kwa kila sentimita mraba, na kilo 1 ya namna hiyo ni bari 0.98, kwa hiyo kwa kazi ya gari dogo kilo na bari ni kitu kimoja. Ile 230 ya mlangoni ni kilopaskali. Gawanya kwa 100, unapata bari 2.3. Usichanganye "kilo" ya kwado na "kilo" iliyo mwanzoni mwa kilopaskali. Ukitaka psi, zidisha bari kwa 14.5: 2.1 ni 30 na nusu, 2.3 ni 33, 2.5 ni 36. Fundi anayesema "nimetia thelathini kila mahali" amekupa 2.07.

Kibandiko kikiwa kimefunikwa na rangi, angalia nguzo ya mlango wa dereva. Gari lako lina usukani kulia, kwa hiyo ni upande wa kulia, usihangaike kushoto. Kama hakipo hapo, tazama nyuma ya kifuniko cha tangi la mafuta, kisha kitabu cha gari. Soma pia saizi ya mpira iliyoandikwa kando ya namba, kwa sababu kibandiko kimoja huwa na mistari miwili mitatu ya saizi mbalimbali, na vingine vina mstari wa gari tupu na mstari wa gari lililojaa. Wengi husoma mstari wa kwanza tu na kuondoka.

Kosa la fakitura yako linaonekana hata kabla ya kupima. "2,3 × 4" maana yake hawakusoma mlango. Injini iko mbele, ndiyo maana mbele panataka 2.3 na nyuma 2.1. Na mipira ikishageuzwa, upepo hupangwa upya kulingana na mahali mpira ulipokaa. Hapa garaji nyingi hukosea kwa njia ya pili: zinageuza mipira bila kugusa upepo, basi 2.1 iliyokuwa nyuma inaenda kubeba injini.

#3 Mwalimu_Fizikia

Fundi amesema kweli, ila kuna swali moja ambalo fakitura hailijibu: hiyo 2.3 ni ya saa ngapi?

Namba ya mlangoni ni ya mpira baridi. Baridi maana yake gari limelala angalau saa 3, au limetembea chini ya kilomita moja na nusu, polepole. Gari lako lilifika garaji likitembea, breki za mbele zikaguswa, pengine likajaribiwa barabarani, kisha likajazwa saa 9 alasiri. Mpira wa namna hiyo unaweza kuwa na nyuzi joto 45 ndani hata kama hewa ya nje ni 26. Leo asubuhi mwezi huu wa saba, Lubumbashi inaamka na nyuzi 10, siku nyingine chini ya hapo.

Hesabu yenyewe. Tuko kwenye mita 1,200 hivi juu ya bahari, na hewa inayotuzunguka ina karibu bari 0.88. Manometa, yaani kipima upepo, haihesabu hiyo, lakini gesi ndani ya mpira inaihesabu. Basi 2.3 ya manometa ni 3.18 kamili. Kutoka nyuzi 45 kushuka hadi 10 ni kuzidisha kwa 283 na kugawanya kwa 318. Unapata 2.83 kamili. Toa 0.88, manometa inasoma 1.95. Hakuna aliyekuibia upepo, na hakuna tundu. Ni baridi tu, na umepoteza theluthi moja ya kilo usiku mmoja.

Kanuni ya mfukoni kwa gari dogo: kila nyuzi 10 ni bari 0.1. Kutoka mchana wa mwezi wa kumi, wenye nyuzi 33, hadi asubuhi ya mwezi wa saba yenye 9, ni karibu robo ya kilo bila mpira kuvuja hata kidogo. Jua nalo linadanganya: mpira ulioegeshwa upande wa jua unaweza kusoma 0.1 au 0.2 zaidi ya ule wa kivulini, gari lile lile, saa ile ile. Ukiona kushoto na kulia havilingani saa 5 asubuhi, uliza kwanza jua liko wapi.

Kwa hiyo pima alfajiri kabla gari halijawashwa. Kama ni lazima ujaze mpira ukiwa moto, weka bari 0.3 juu ya namba ya mlangoni, halafu urekebishe kesho yake asubuhi. Na usipunguze upepo wa mpira moto kwa sababu umesoma 2.6. Hiyo 2.6 ndiyo 2.3 yako ikiwa imechemka. Ukiitoa, asubuhi utakuwa na 2.0.

#4 Kwado_wa_Kenya

Ba patron, musibebeshe kwado mizigo yote. Lakini na mimi niseme ukweli wa vyombo vyetu.

Manometa nyingi za kando ya barabara ni za lori. Uso wake unaanza 0 unafika 12, nyingine 16. Itazame kwa karibu: kati ya 2 na 3 pana nafasi kama upana wa kucha ya kidole kidogo, na mshale wenyewe ukikaa juu ya mstari umekwisha kumeza 0.2. Kwa lori linalotaka 8 hiyo si kitu. Kwa gari dogo, ile 0.2 ndiyo tofauti yote ya mbele na nyuma. Chombo cha gari dogo kiwe cha 0 hadi 4, kwa sababu manometa husoma vizuri katikati ya uso wake, pembeni hudanganya.

Pili, tazama mshale kabla haujaunganishwa. Uko hewani, lazima ulale kwenye sifuri. Ukilala 0.3, kila anayejazwa hapo anaondoka na 0.3 pungufu, na kwado hajui. Manometa ikianguka kwenye simenti mara mbili tatu inakuwa hivyo.

Tatu, bastola ya upepo. Ukiwa umebana mkono, mshale unaonyesha upepo wa bomba kutoka kwenye tangi. Wa mpira hauonekani. Achia mkono, subiri mshale utulie, ndipo usome. Mwenye haraka anasoma akiwa amebana, anaona 2.5, anatoa bomba, kumbe ndani kuna 2.0.

Nunua manometa yako, iweke kwenye droo ya gari. Pima nayo pale pale baada ya kwado kumaliza. Ikisoma tofauti na ya kwado, angalau yako ni ile ile kila wiki.

#5 Kipushi_Road

Kumbe. Sasa hii azoti wanayouza kwenye garaji kubwa, inaondoa hiyo shida ya baridi?

#6 Mwalimu_Fizikia

Hapana. Hewa ya kawaida ina asilimia 78 ya azoti, yaani naitrojeni, tayari. Azoti ikipoa inashuka kama hewa inavyoshuka, kwa hesabu ile ile. Faida yake ni kwamba ni kavu, na inapenya mpira polepole kidogo kuliko oksijeni. Mpira mzima hupoteza kama bari 0.05 hadi 0.1 kwa mwezi hata bila tundu. Kwa azoti hupungua taratibu zaidi. Ukiwa unapima kila wiki mbili hutaiona tofauti. Mwenye azoti akiongezwa hewa ya kawaida hakuna kinachoharibika.

#7 Kwado_wa_Kenya

Kavu ndiyo neno. Kompresa inayofanya kazi mchana kutwa wakati wa mvua inakusanya maji chini ya tangi, na kuna kifungulio pale chini cha kuyatoa. Kikikaa wiki bila kufunguliwa, unasukuma maji ndani ya mpira. Hayo maji yakichemka yanaongeza upepo kuliko hesabu ya mwalimu, na janti ya chuma, yaani duara linalobeba mpira, inaota kutu pale mpira unapokalia, kisha panavuja. Mwambie kwado afungue tangi mbele yako asubuhi. Likitema maji ya kahawia, subiri limalize.

#8 Ruashi_4x4

Naongeza ya magari makubwa kidogo, kwa sababu kibandiko hakimalizi kila kitu pale mipira isipokuwa ile ya kiwandani. Na mji huu una mipira ya okazio, yaani iliyokwisha kutumika, ya kila namna.

Soma namba ya mzigo baada ya saizi. 195/65 R15 91: hiyo 91 ni kilo 615 kwa mpira mmoja. Ukikuta 88, ni kilo 560. Aliyetoa 91 akafunga 88 amepoteza kilo 55 kila pembe. Kurudisha uwezo ule ule angepaswa kupanda kutoka 2.2 hadi 2.4 au 2.5, na hapo amekula akiba yote ya mpira. Afadhali asifunge. Ukifunga saizi nyingine yenye namba ya mzigo iliyo sawa au ya juu, upepo wa mlangoni ni pa kuanzia pazuri.

Kuna jambo ambalo hata garaji nzuri hazilisemi. Mpira ulioandikwa XL au REINFORCED unafikia mzigo wake kamili kwenye bari 2.9, wakati wa kawaida unafikia kwenye 2.4 au 2.5. Watu wanafikiri XL ni mgumu, basi unaweza kukaa na upepo kidogo. Ni kinyume. Ukiufunga XL mahali pa mpira wa kawaida wenye namba ile ile ya mzigo, ongeza kidogo.

Kwa jip: ukitoa mpira wa gari la kawaida ukafunga ule wa kazi wenye herufi LT mbele ya saizi, namba ya mlangoni haitoshi tena. Mara nyingi unahitaji karibu nusu kilo zaidi kwa mzigo ule ule. Ubavu wake ni mnene, hauonyeshi kulegea kwa macho, lakini ndani unachemka. Ndiyo mipira inayomwaga ngozi ya juu kwenye lami ya Likasi saa 8 mchana, na kila mtu anasema ilikuwa feki.

Na mwenye kupunguza upepo kwa ajili ya matope, sawa, 1.6 au 1.5 polepole. Ila uwe na kompresa ndogo ya kurudisha kabla hujagusa lami.

#9 Shofa_Kasumbalesa

Sisi wa malori tunagonga kwa fimbo ya chuma, sauti inatosha.

#10 Fundi_Katuba

Fimbo inakutofautishia mpira uliokufa na mpira ulio hai, mkubwa, basi. 6 na 8 zinalia karibu sawa. Na kwenye jozi ya nyuma, ule wa ndani ukiwa na 5 na wa nje 8, wa nje unabeba mzigo wa wawili, wa ndani unasuguana na mwenzake ubavu kwa ubavu, na moshi unaanzia hapo. Weka kirefusho cha valvu kwenye mipira ya ndani ili manometa iifikie. Usipoweza kuifikia hutaipima, huo ndio ukweli wa foleni ya mpakani.

#11 Shofa_Kasumbalesa

Hapo umenipata. Swali moja: tukishuka Dar es Salaam upepo unabadilika kwa sababu ya bahari?

#12 Mwalimu_Fizikia

Kidogo. Kutoka mita 1,200 hadi baharini hewa ya nje inaongezeka bari 0.13, na manometa itasoma 0.13 pungufu kwa joto lile lile. Joto la pwani linairudisha. Kwenye mpira wa bari 8 usijisumbue. Gari dogo likishuka Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, hata 0.05 halipotezi.

#13 MamaVoksi

Gari la jirani, limetoka Marekani, baada ya garaji lina taa ya njano yenye mpira uliokatwa na alama ya mshangao. Wamejaza mara mbili, taa haizimi. Langu halina taa hiyo kabisa. Ni kasoro?

#14 Umeme_wa_Gari

Mama, lako halina kasoro. Magari mengi yaliyouzwa ndani ya Japani hayana mfumo huo wa kupima upepo wa mipira. Marekani ndiyo iliulazimisha kwa magari yote madogo mapya tangu tarehe 1 Septemba 2007, na Ulaya tangu tarehe 1 Novemba 2014.

Ya jirani: tazama taa inavyowaka anapofungua swichi. Ikiwaka moja kwa moja, mpira mmoja uko chini. Ikipepesa kwa dakika moja hadi moja na nusu kisha ikabaki imewaka, mfumo wenyewe una ugonjwa, na kujaza upepo ni kazi bure. Ugonjwa wa kawaida baada ya kubadilisha mipira ni kivunja mpira, mashine ya kutoa mpira kwenye janti, kubomoa sensa (kihisi upepo) iliyo ndani, kwenye shina la valvu. Sensa ina betri iliyofungwa ndani, haifunguliwi. Ikifa kwa umri, kati ya miaka 5 na 10, unabadilisha nzima. Na uwe macho: sensa za Marekani huzungumza kwa megahezi 315, za Ulaya kwa 433. Ukifunga ya Ulaya kwenye gari la Marekani gari haliisikii hata iwe mpya.

Kuna aina ya pili isiyo na sensa ndani ya mpira. Inahesabu mizunguko ya gurudumu kwa kutumia vyombo vya ABS, yaani breki zinazozuia gurudumu lisijifunge, maana mpira uliolegea una mzunguko mdogo na unazunguka haraka kuliko wenzake. Hiyo haijui bari. Inajua tu kwamba mmoja hafanani na wengine. Unajaza mipira yote kwa namba ya mlangoni ikiwa baridi, kisha unabonyeza kitufe cha kuiambia "hii ndiyo hali nzuri". Garaji ikibonyeza kitufe kabla ya kujaza, umeifundisha gari uongo.

Taa ikiwaka alfajiri na kuzima ukifika mjini, mipira yote iko ukingoni. Usiichukulie taa kama manometa: kwenye gari la Marekani huwaka upepo ukipungua kwa robo, yaani mlango ukitaka 2.3, taa inasubiri hadi 1.7 hivi. Kwenye 1.8 hakuna taa, na mpira unakula mabega yake.

#15 Kipushi_Road

Nimenunua manometa ya 0 hadi 4. Imelala kwenye sifuri. Saa 12 asubuhi, gari halijawashwa, jua bado: mbele kushoto 1.95, mbele kulia 1.95, nyuma kushoto 1.95, nyuma kulia 1.7.

#16 Mwalimu_Fizikia

1.95! Sikuwa na manometa yako nilipoandika ile hesabu.

#17 Fundi_Katuba

Hizo namba zinasema kila kitu. Mitatu imeshuka sawa kabisa kutoka 2.3 hadi 1.95, hiyo ni baridi. Wa nne umeshuka na wenzake, halafu ukapoteza 0.25 zaidi kwa siku mbili hizi. Huo unavuja. Usukani mzito wa jana ni ile 1.95 ya mbele palipotakiwa 2.3.

Usijaze wa nyuma kulia kwanza ukasahau. Jaza yote minne kwa namba ya mlangoni, mbele 2.3, nyuma 2.1, kisha tafuta tundu kwenye huo mmoja ukiwa umejaa, kwa sababu tundu dogo halisemi kwenye mpira uliolegea.

Chukua maji ya sabuni mazito kidogo, sabuni ya vyombo inatosha, na brashi ya rangi. Anza na valvu, maana ndiyo rahisi na ndiyo iliyoguswa garaji. Ondoa kofia, mwagia tundu, hesabu hadi 30. Kisha pinda shina la valvu kidogo kulia na kushoto huku ukilimwagia pale linapoingia kwenye janti; mpira wa shina uliozeeka unapasuka hapo chini na hauonyeshi mpaka uupinde. Kisha zunguka ukingo wa mpira na janti, nje na ndani. Mwisho ngozi yenyewe, robo kwa robo, ukisogeza gari. Msumari uliozama mara nyingi unaonekana kama jiwe tu kwenye mfereji.

Povu kubwa linalokua haraka si shida kuliona. La kutafuta kwa makini ni lile povu dogo jeupe kama mate, linalokusanyika polepole bila kupasuka. Hilo ndilo linalotoa robo ya kilo kwa siku mbili.

Ikiwa ni kwenye ngozi, meshi, yaani kamba ya kuzibia, inaziba tundu lisilozidi milimita 6, katikati tu. Kwenye bega au ubavu, hapana, hata kwado akikuapia.

#18 Kipushi_Road

Valvu. Povu dogo dogo juu ya tundu, baada ya kama sekunde 15. Shina halivuji, ukingo haufanyi kitu. Na gari halikuwa na kofia kwenye valvu hiyo, tatu zinazo.

#19 Kwado_wa_Kenya

Obusi hiyo, kile kijiti cha ndani. Aliyejaza alisahau kofia, vumbi jekundu likaingia, chembe moja imekaa kwenye raba ya obusi na haifungi tena. Bonyeza kijiti kwa ghafla mara mbili, pss, pss, wakati mwingine chembe inaruka. Mwagia sabuni tena. Povu likirudi, badilisha. Ni kitu cha bei ndogo kabisa, kila kwado anacho kwenye kopo.

Gari liinuliwe kwa jeki kabla ya kufungua, kwa sababu upepo wote utatoka na janti itaukalia mpira. Fungua kwa ufunguo wa obusi, kidole juu yake, maana inaruka kama risasi na hutaiona tena kwenye majani. Puliza ndani ya shina kwa upepo wa kompresa kabla ya kutia mpya. Ukikaza, nguvu ya vidole viwili inatosha, nusu Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza) tu. Ukibana kwa hasira unaiponda ile raba na inavuja kuliko ya zamani. Jaza, sabuni tena, hesabu 30, kofia. Kofia iwe na raba ndani. Ile tupu inazuia vumbi tu.

Shina lenyewe la mpira, lile la kawaida linaloitwa TR413, libadilishwe kila unapofunga mpira mpya. Halikuumbwa kwa zaidi ya bari 4.5.

#20 Ruashi_4x4

Na gurudumu la akiba je? Garaji haikuligusa, nina hakika bila kuuliza. Kama ni lile jembamba la muda, linataka 420, yaani bari 4.2, si 2.3, na mwendo usizidi 80 kwa saa. Wengi wanalikuta na 1.5 siku wanapolihitaji. Ukiwa na la saizi kamili, weka bari 2.5, ni rahisi kupunguza njiani kuliko kuongeza.

#21 Kipushi_Road

Obusi imebadilishwa. Akiba ilikuwa 1.6, sasa 4.2. Siku ya tatu leo, saa 12 asubuhi: mbele 2.3 na 2.3, nyuma 2.1 na 2.1. Usukani umerudi kuwa mwepesi.

#22 Fundi_Katuba

Pima tena baada ya wiki, saa ile ile, manometa ile ile. Wa nyuma kulia ukiwa chini ya mwenzake kwa 0.1 au zaidi, rudi kwenye ukingo wa janti na sabuni.

Halafu nati. Magurudumu yote manne yalitoka, na gari limetembea sasa. Baada ya kilomita 50 hadi 100 zinakaguliwa tena kwa ufunguo wa nguvu, kwa mpangilio wa nyota, gari likiwa chini. Toyota nyingi ndogo zinataka 103 Nm, angalia kitabu cha lako. Usipande kwa miguu juu ya spana ya msalaba.